Msiupunje Mpilipili Haki Yake

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi na kukipa kila kitu kipimo chake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba wake. Enyi watu wa Mvita, mama zangu mnaopanda uani na darini, wazee wangu wa mabarazani, wanangu mnaopandisha madumu ya maji kwa ngazi: leo nina neno juu ya mpilipili. Nisikilizeni mpaka mwisho.

Msilione neno hili kuwa jepesi. Iko hadithi sahihi aliyoipokea Anas bin Malik, inayotufundisha kwamba chochote anachokila binadamu, ndege au mnyama kutoka kwenye mmea aliopanda Mwislamu humhesabia mpandaji sadaka. Basi mche ulio ndani ya ndoo ya rangi juu ya nyumba ya Kibokoni ni mlango wa thawabu. Jirani akichuma pilipili mbili za kutilia kachumbari, umeandikiwa. Kunguru akidonoa moja, umeandikiwa. Mlango kama huu ukifungwa kwa sababu hatukutaka kujifunza, tutajibu nini?

Na umefungwa, ndugu zangu! Piteni Kuze, piteni Mkanyageni, inueni macho mtazame roshani na madirisha. Mipilipili imo, lakini pilipili hazimo. Mmoja umerefuka na kutanda majani, kila asubuhi maua yake meupe yanachanua na kila jioni yako sakafuni. Wa pili majani yake machanga yamekuwa manjano huku mishipa yake imebaki kijani. Wa tatu umedumaa, majani yake yamebanana kwenye ncha kama kwamba umekatazwa kukua. Mwenyewe anauhurumia, anauongezea mbolea ileile aliyoitia mwezi uliopita, maua yanazidi kupukutika, mwisho anaung'oa na kushika kikapu kwenda Marikiti kununua za wenzake. Kisha tunasema Mombasa pilipili hazizai.

Pilipili zinazaa Mombasa! Mmea huu asili yake ni Amerika, Wareno wakaueneza katika bahari hii karne ya 16, nao ukaipenda pwani yetu hata leo hakuna mbaazi, bhajia, viazi karai wala mhogo wa kukaanga usioutaka. Jua tunalo, unyevu wa hewa tunao, mikono tunayo. Kinachokosekana ni haki ya mmea wenyewe. Tunaupa baadhi ya chakula chake na kuupunja kilichobaki, na tunachoupunja ni kile kidogo tusichokiona.

Kumbukeni Suratul Mutaffifin inavyoanza kwa kuwatishia wapunjao vipimo. Kumbukeni pia Suratur Rahman: humo imetajwa mbingu kuinuliwa, ikatajwa mizani, na mara baada ya mizani ikatajwa ardhi, matunda yake na nafaka zake. Mizani na matunda vimewekwa jirani. Anayelima na asipime, ameacha nusu ya somo.

Sasa tupime. Mmea unataka vyakula vitatu kwa wingi: naitrojeni, fosforasi na potasiamu. Hivi ndivyo vilivyoandikwa mbele ya magunia ya mbolea, na hivi ndivyo tunavyovijua. Unataka vingine vitatu kwa kadiri: kalsiamu, magnesiamu na salfa. Kisha unataka vinane kwa uchache sana: chuma, zinki, manganisi, shaba, boroni, molibdeni, klorini na nikeli. Haya ndiyo madini madogo. Mjerumani Justus von Liebig aliwatangazia watu tangu miaka ya 1840 kwamba mavuno hayafuati chakula kilicho kingi. Yanafuata kile kilichopungua kuliko vyote. Na mwaka 1923, huko Rothamsted nchini Uingereza, bibi mmoja mtaalamu, Katherine Warington, alithibitisha kwamba mmea wa maharagwe ukinyimwa boroni kabisa hufa, hata ukipewa kila kitu kingine. Karne nzima imepita tangu habari hiyo ijulikane, nasi bado tunamwaga mbolea ya DAP juu ya mmea wenye kiu ya boroni!

Msiseme kitu kidogo hakidhuru kikikosekana. Mama mjamzito akienda kliniki hupewa vidonge vya chuma, vidogo vya kushikwa kwa vidole viwili, na vinamlinda yeye na aliye tumboni. Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano wa paketi utiwe chuma na zinki, kwa sababu mtu anaweza kushiba sima kila siku na damu yake ikawa na njaa. Mwili wa mpilipili nao umeumbwa na Muumba huyohuyo, nao una njaa hiyohiyo.

Na hapa Mvita njaa hiyo ina sababu yake. Tunasimama juu ya jiwe la matumbawe. Wareno walipoanza Ngome ya Yesu mwaka 1593 walikata jiwe hilohilo la kisiwa. Babu zetu walijenga nyumba kwa jiwe hilo na kwa chokaa iliyochomwa kutokana nalo. Udongo wetu ni mtoto wa jiwe hilo. Ukiupima, mara nyingi unapita 7 kwenye kipimo cha pH na kukaribia 8 au kuzidi, ilhali mpilipili unapenda 6 hadi karibu 7. Chokaa ikizidi namna hiyo, chuma hufungwa, na zinki, manganisi, shaba na boroni navyo huwa vigumu kwa mizizi kuvipata. Huenda vimo udongoni, lakini mzizi hauwezi kuvinywa. Molibdeni peke yake ndiyo hupatikana kwa urahisi zaidi kwenye chokaa, kwa hiyo hiyo isiwasumbue.

Basi sikilizeni onyo la kwanza, nalo ni kali: acheni kufuata wasia wa udongo wa watu wengine! Sehemu nyingi za bara zina udongo mchachu, na huko mkulima akiambiwa atie chokaa au majivu ya jikoni, ameambiwa kweli. Wasia huo ukivuka daraja la Makupa unageuka madhara. Majivu yana ukali uleule wa chokaa, na kuyatia kwenye udongo wa kisiwa ni kukaza kifungo kilichokwisha kukazwa. Kadhalika msijaze ndoo kwa udongo uliochotwa chini ya ukuta uliobomoka, kwa sababu huo ni chokaa iliyosagika. Na msizidishe DAP mkidhani mnaharakisha maua, maana fosforasi ikirundikana huuzuia mmea kuitumia zinki.

Mkitaka kujua udongo wenu, chukueni kiganja kimoja kikavu, kitieni kwenye kikombe, kisha dondosheni siki. Ukifoka na kutoa povu, chokaa imo. Anayetaka jibu la maabara asione haya kuuliza: KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, lina kituo Mtwapa na lina maabara za udongo Kabete.

Onyo la pili: usomeni mmea kabla ya kuutibu. Mwenyezi Mungu ameuandikia mmea ugonjwa wake kwenye majani, na asiyesoma anatibu gizani. Majani machanga ya juu yakiwa manjano na mishipa yake kijani, chuma kimepungua, kwa kuwa chuma hakihami kutoka jani kuukuu kwenda jani jipya. Manjano ya namna hiyo yakianza kwenye majani ya chini yaliyokomaa, huenda ni magnesiamu, ambayo mmea huiondoa kwa wazee na kuwapelekea wachanga. Majani mapya yakiwa membamba, madogo, yamesongamana na shina halirefuki, ifikirieni zinki. Ncha ikifa, majani yakawa manene yanayovunjika upesi, maua yakaanguka na tunda lililobaki likapinda, ifikirieni boroni. Boroni ndiyo inayousaidia unga wa ua kuota na kushuka mpaka kwenye kizazi cha ua. Pasipo hiyo ua huchanua bure.

Hoho ikioza kitakoni kwa doa jeusi, hapo ni kalsiamu haikufika kwenye tunda. Mtashangaa vipi, nasi tumezungukwa na chokaa? Kalsiamu husafiri na maji. Ukiacha ndoo ikauke siku tatu kisha ukaigharikisha, tunda linakosa njiani. Dawa yake ni kumwagilia kwa utaratibu, kidogo kila siku. Na majani yakikunjamana na kupotoka kwa fujo, pindueni mtazame chini yake: nzi weupe, vithiripi na utitiri hufanya hivyo, na virusi wanavyovibeba havitibiwi kwa madini yoyote. Mmea wenye virusi ung'olewe, usiwaambukize wenziwe.

Onyo la tatu: lisheni kwa mpango. Mfanye haya.

Anzeni na chombo. Mwageni udongo wa kifusi. Changanyeni mboji iliyoiva, samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, na usumba wa makumbi ya nazi ulioroweshwa na kuoshwa chumvi mara kadhaa. Mkipata udongo mwekundu wa ng'ambo usio na chokaa, tieni sehemu yake. Toboeni ndoo chini ili maji yapite. Mboji ni nzuri kwa sababu inayashika madini madogo kwa namna ambayo mzizi unaweza kuyapokea, hata palipo na chokaa.

Kisha yaangalieni maji. Visima vingi vya kisiwa vina chumvi, na mpilipili hauvumilii chumvi. Maji ya mvua za masika na za vuli yanayotiririka kutoka mapaani mwetu hadi vichochoroni ni hazina isiyo na chumvi wala chokaa. Yakingeni kwa mapipa yaliyofunikwa ili mbu wasizaliane humo. Maji ya kutawadha ya bomba, yasiyo na sabuni, nayo yanafaa kumwagiliwa.

Mkitaka mbolea ya naitrojeni, kumbukeni kwamba CAN huja na chokaa ndani yake. Kwa udongo wetu salfeti ya amonia inafaa zaidi, kwa kuwa inaupunguza ukali wa chokaa udongoni. Ifukieni na kumwagilia hapohapo, maana ikiachwa juu ya udongo wa chokaa sehemu yake huruka hewani. Wala msizidishe: mpilipili uliolewa naitrojeni hujenga majani na kusahau matunda.

Sasa madini madogo yenyewe. Kwa kuwa udongo wetu huyafunga, njia ya karibu ni jani. Pulizieni majani asubuhi na mapema au baada ya alasiri jua likishapoa, hasa upande wa chini wa jani. Salfeti ya zinki, gramu 2 kwa lita moja ya maji. Asidi ya boriki, nusu gramu kwa lita, na isizidi gramu moja. Mkinunua mchanganyiko uliotayarishwa wenye madini yote, shikeni maelekezo ya paketi na msiongeze hata kijiko. Pulizieni mara moja matumba yanapoanza kuonekana, na mara ya pili baada ya wiki mbili. Jaribuni kwanza mmea mmoja, msubiri siku tatu, kisha mwendelee na mingine. Kwa chuma cha kutia udongoni, someni paketi mtafute herufi EDDHA, maana chuma cha EDTA huachwa njiani kwenye udongo wenye chokaa nyingi; hicho kitumieni kwa kupulizia majani tu.

Na pimeni! Masonara wetu wa Mji wa Kale wana mizani inayopima hata sehemu ya gramu, nao haohao wanaitumia boraksi, ambayo ni chumvi ya boroni, kuungia dhahabu. Mwendeeni sonara wa mtaa wenu, mwombeni awapimie na kuwafungia vijikaratasi vya gramu moja moja. Hapo mtakuwa mmeitii mizani kwa maana yake halisi. Boroni haina msamaha kwa mwenye mkono mzito: baina ya kutosha na kuwa sumu pana nafasi nyembamba, na ikizidi majani huungua kingoni. Israfu ni dhambi kama kupunja ni dhambi. Wekeni dawa hizi mbali na watoto na mbali na vyombo vya chakula, na msivune mpaka siku chache zipite, na tunda lioshwe kabla ya kuliwa.

Onyo la nne: msiidai ardhi isichoahidi. Kaskazi inapokaribia kwisha, mwezi wa Februari na Machi, joto la mchana hupita nyuzi 32 na usiku hukaa karibu na 24. Joto la usiku namna hiyo huangusha maua, ya hoho zaidi kuliko ya pilipili kali, na hakuna boroni itakayolizuia. Wakati huo upeni mmea kivuli cha mchana, uwekeni mbali na ukuta mweupe unaorudisha jua, mwagilieni, na msubiri. Otesheni mbegu Machi, hamisheni miche masika yanapoanza kupungua nguvu, ili maua yakutane na Kusi. Upepo wa Kusi ukivuma na usiku ukapoa, mmea ulioshibishwa madini yake utazaa mpaka matawi yainame.

Najua nyudhuru zenu, nami nitazijibu moja moja kwa mapenzi.

Wako wasemao ni jicho. Mimi sikanushi kwamba jicho ni haki. Lakini Mtume (SAW) alimfunza mtu amfunge ngamia wake kisha amtegemee Mwenyezi Mungu. Someni kinga zenu asubuhi na jioni, na zinki mtie.

Wako wasemao samadi inatosha, ndivyo walivyofanya bibi zetu. Bibi zetu walipanda uani, mizizi ikaenda mbali kujitafutia, na majani makavu na maganda ya jikoni yakarudi udongoni kila siku. Wewe umeufunga mmea ndani ya ndoo ya lita ishirini. Mfungwa hana pa kwenda kutafuta. Chakula chake chote kiko mkononi mwako.

Wako wasemao ni ghali. Kilo moja ya salfeti ya zinki, kwa gramu 2 kwa lita, inatoa lita 500 za dawa. Ni nyumba gani ya Mji wa Kale yenye mipilipili ya lita 500? Kilo moja inautosha mtaa mzima! Basi changeni. Baraza moja linunue zinki, la pili linunue asidi ya boriki, la tatu linunue pampu ya mkono, na zipite nyumba kwa nyumba. Walimu wa madrasa, wapeni watoto miche yao, wafundisheni kulisoma jani kama mnavyowafundisha kuisoma herufi. Vijana mnaokaa vibarazani mchana kutwa, mzee mwenye ndoo kumi darini hana miguu ya kupanda ngazi. Pandeni nyinyi, mumpulizie, mpate dua yake.

Mama zangu, nyinyi ndio wenye elimu ya pilipili mji huu. Achari zenu za embe na ndimu na pilipili zenu za ukwaju zimevuka bahari ndani ya mizigo ya wasafiri. Ni aibu kwa mikono hiyo kununua pilipili iliyosinyaa kwa bei ya Ramadhani, ilhali mmea umesimama dirishani ukiwa na njaa ya gramu moja.

Basi azimieni leo, kabla ya adhana ya Magharibi. Panda darini, utazame majani machanga, kisha majani makuukuu. Jaribu udongo kwa siki. Mwaga kifusi, yaache majivu, kinga mvua, nenda kwa sonara ukapime. Ulishe mmea wako kwa haki, na pilipili za kwanza zitakapoiva, za jirani zitangulie kabla ya zako. Ewe Mola, tujaalie tuwe miongoni mwa wanaotimiza vipimo, uwabariki wanaopanda na wanaokula, na uturuzuku sadaka isiyokatika. Wabillahi tawfiq.